Gitaa la Babu na Sauti ya Kaseti

Siku ya Kiswahili iliyopita, Julai 7, nilipanda jukwaani na gitaa, na kabla sijafika katikati ya kipande changu nikamsikia mmoja wenu wa safu ya nyuma akiuliza, "Ala! Kwani spika ya shule imekufa?" Spika haikufa. Ule mchakacho na ule mkoromo niliutengeneza mwenyewe kwa muda wa mwezi na zaidi, huko kwetu Mishomoroni, na Mhariri ameniomba nieleze ulikuwa kitu gani na ulinifikisha wapi.

Mpiga gitaa la umeme aghalabu huwa na kijisanduku cha chuma miguuni pake. Waya wa gitaa huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kuelekea kwenye spika, na akikikanyaga, sauti hubadilika. Hiyo ndiyo pedali. Ziko za kuleta mwangwi, ziko za kukwaruza sauti, na siku hizi ziko ambazo kazi yake ni kulifanya gitaa jipya lisikike kana kwamba limerekodiwa katika kaseti kuukuu. Mwaka 2024, kwa mfano, kampuni ya Marekani iitwayo JHS ilitoa pedali ya 424 Gain Stage, inayoiga sehemu ya kuingizia sauti katika Portastudio, mashine ya kaseti ya kampuni ya Tascam ya Japani.

Nilipomsimulia ami yangu alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa tukipangusa hedi kwa spiriti ili uchafu utoke, na nyinyi mwalipa pesa uingie!"

Ana haki ya kucheka, lakini jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1968 Keith Richards wa Rolling Stones alipiga gitaa la kawaida, lisilo la umeme, mbele ya kinasa sauti kidogo cha kaseti cha Philips mpaka kikazidiwa, kisha akaitumia sauti ile iliyozidiwa katika wimbo. Portastudio ya kwanza ilitoka mwaka 1979, na miaka mitatu baadaye Bruce Springsteen aliitumia kurekodi nyimbo za albamu yake Nebraska akiwa nyumbani kwake. Hapa kwetu Mombasa hatukuhitaji kwenda mbali. Taarab za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma ziliingia majumbani kwa kaseti, na nyingi zilikuwa nakala ya nakala, kila nakala ikiongeza mvumo wake juu ya ule wa kwanza.

Nyanya yangu anazo kaseti tano katika bati la biskuti. Nne ni za taarab. Ya tano haina jina. Ilirekodiwa harusini, na anayepiga gitaa humo ni marehemu babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Sina sauti yake nyingine. Nilijifunza kipande chake kwa kusikiliza redio kaseti ya nyanya, kidole kwa kidole, na nilipokiweza nikaona gitaa langu ni safi mno, kama sahani iliyotoka dukani. Nikataka na mimi nisikike kama yeye. Hapo ndipo habari ya pedali iliponiingia kichwani.

Sasa tuingie katika somo. Kaseti ya Philips ilitokea mwaka 1963. Utepe wake una upana wa milimita 3.8 tu, na upana huo unagawanywa kwa pande zote mbili za kaseti. Utepe hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine kubwa za studio zilikuwa zikipitisha utepe mpana zaidi kwa sentimita 38 kwa sekunde, yaani mara nane. Fikiria unaandika insha nzima juu ya tikiti ya matatu: maneno yataenea, lakini nukta na mikato midogo itapotea. Katika sauti, mikato hiyo ni ile milio myembamba ya juu, ncha ya uzi wa gitaa unapokwanyuliwa. Ndiyo maana gitaa la kaseti husikika kama limefunikwa leso.

Pili ni kushiba. Neno hili nimelipata kwa fundi wa redio wa mtaani kwetu. Utepe una chembe za sumaku, na chembe hizo zina kiasi chake cha kupokea. Ukipiga kwa nguvu kupita kiasi hicho, ncha za mawimbi ya sauti hukatwa na kuwa bapa, na sikio husikia mkoromo. "Utepe umeshiba," fundi huniambia, "ukiulisha zaidi wacheua."

Tatu ni jambo ambalo sikulijua kabisa. Vinasa sauti vya bei nafuu vilikuwa na saketi ya kujipimia sauti vyenyewe. Sauti kubwa ikiingia, mashine hujishusha. Kukiwa kimya, hujipandisha polepole, na mvumo hupanda nayo. Katika kaseti ya harusi, kila wanawake wanapopiga vigelegele, gitaa la babu huzama kama mtu aliyetia kichwa majini, kisha huibuka taratibu. Nilikuwa nikidhani ni yeye aliyekuwa akipunguza nguvu kuwapisha akina mama. Kumbe ni mashine.

Nne ni kuyumba. Utepe huvutwa na kijiti chembamba cha chuma kikisaidiwa na kigurudumu cha mpira, na nguvu hutoka kwenye mota kwa mkanda wa mpira. Mkanda ukilegea au kigurudumu kikichakaa, mwendo hauwi sawa, na sauti hupanda na kushuka kama ngalawa.

Fundi alinitolea ubao wa kurekodia katika redio kaseti iliyokufa. Tukauweka ndani ya bati la maziwa ya unga, tukatia betri nne za volti 1.5, jumla volti 6, tukachomelea tundu mbili za waya. Gitaa la umeme hutoa nguvu kubwa kuliko maikrofoni ambayo ubao ule ulitengenezewa, kwa hivyo ulizidiwa papo hapo. Mkoromo ukaja, na kule kuzama na kuibuka kukaja, na mvumo ukajitokea wenyewe bila kuitwa. Kuyumba ndiko kulikokosa, maana ndani ya bati hakuna kinachozunguka.

Kwa hilo niliazimwa pedali ya kutikisa sauti na mpiga gitaa mmoja wa mahotelini. Ndani yake mna kijidude kilichobuniwa mwaka 1969 na Sangster na Teer katika maabara ya Philips, kampuni ile ile ya kaseti. Kinafanya kazi kama watu waliojipanga foleni kutoka bombani hadi jikoni wakipokezana ndoo. Kila ndoo ina kipande kidogo cha sauti. Wakipokezana kwa kasi moja, sauti hutoka ilivyoingia, ila imechelewa kidogo. Ukiwafanya waharakishe kisha walegee, sauti hupanda na kushuka. Hivyo ndivyo kuyumba kunavyopatikana bila utepe wowote.

Nikaunganisha vyote viwili, nikakaa ukumbini nikampigia nyanya. Nilitarajia machozi, niseme kweli. Alisikiliza, akaweka chini ukili wake.

"Mbona wamfanya babuyo mgonjwa?"

"Nyanya, ndivyo alivyo kwenye kaseti."

"Kwenye kaseti, labda. Babuyo alikuwa akipiga kama mtu anayetekenywa."

Maneno yale yalinisumbua usiku kucha. Kesho yake nikachukua saa nikapima. Kaseti ile ni ya dakika 60, yaani upande mmoja ni kama dakika 30. Katika redio ya nyanya ulichukua dakika 32. Nikaipeleka kwa mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye ana mashine nzuri anayoitunza kama yai: dakika 30 na sekunde 12. Fanyeni hesabu. Redio ya nyanya ilikuwa ikienda polepole kwa takriban asilimia 6, na asilimia 6 ni sawa na kushuka kitufe kimoja kwenye kinanda, ukihesabu na vile vyeusi. Katika harusi ile kulikuwa na kinanda cha umeme pia, nacho kwa kawaida mpigaji hakikazi wala hakilegezi kama gitaa. Kwenye mashine ya mwalimu kililingana sawasawa na kinanda cha shule. Kwa hivyo waliorekodi walirekodi vizuri. Mkanda wa redio yetu ndio uliolegea, mwaka hadi mwaka, hata asiwepo mtu nyumbani aliyegundua.

Kile nilichokipenda kwa babu, ule uzito wake na ule mwendo wa kujivuta, kilikuwa ni mpira uliochoka. Sikufurahi. Nilihisi kama nimenyang'anywa.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, nalo nililifanya mwenyewe. Katika kulinganisha niliijaribu kaseti katika redio ya tatu iliyokaa kabatini miaka mingi. Kigurudumu kilikuwa kinanata. Ikameza utepe. Tuliuchomoa kwa kibanio, lakini kama sentimita 24 zilikunjamana na kukatika, ikabidi zitupwe na ncha ziungwe. Gawa 24 kwa 4.76. Sekunde tano za babu hazipo tena, na ni kwa mkono wangu.

Fundi alitia mkanda mpya katika redio ya nyanya. Tulipoiwasha, gitaa lilitoka jepesi, la haraka, na baada ya vigelegele mtu akacheka karibu na maikrofoni. Nyanya akasema, "Ndiye." Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu.

Basi Siku ya Kiswahili nilipiga kipande kile kitufe kimoja juu ya nilivyojifunza, na kwa kasi yake. Pedali ya kuyumba nilimrudishia mwenyewe, kwa sababu kuyumba kulikuwa kwa redio yetu na si kwa babu. Bati la maziwa nililiacha. Mkoromo ule ni wa usiku wa harusi. Aliyekuwapo naye aliusikia kwenye kaseti siku ya pili yake. Ndio huo mlioudhania spika.

Kaseti za bati la biskuti zote ni za kunakiliwa kwenye kompyuta, na mbili zimeshaanza kuota ukungu mweupe pembeni mwa utepe, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu. Mwalimu wa Fizikia amekubali mashine yake itumike Jumamosi alasiri. Mwenye kaseti nyumbani na aje nayo, imefungwa ndani ya karatasi, na utepe uliolegea auzungushe kwanza kwa kalamu. Ila nawasihi, msizijaribu kabla katika redio yoyote iliyolala kabatini.