Gofu ya Visahani Kwenye Bustani Yenye Miti: Somo kwa Wakazi wa Eastleigh

Mkazi wa Eastleigh anayetaka kukaa chini ya mti hana pa kuchagua. Kuanzia Juja Road hadi Section III, ardhi imejaa maduka, ghorofa, magari na mikokoteni. Watoto wakitoka dugsi au tuition hucheza kandokando ya magari yaliyoegeshwa, na wazee hutembea barabarani kwa kuwa njia za miguu zimejaa bidhaa. Hata hivyo, ukivuka Pangani na kufuata Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ile iliyoitwa Forest Road, unafika City Park, msitu wa umma ulio katikati ya jiji. Wengi wetu tunaupita kila siku ndani ya matatu bila kuingia.

Somo hili linafundisha mchezo mmoja unaofaa mahali kama hapo: gofu ya visahani. Ukimaliza kulisoma utaweza kueleza sheria kuu za mchezo, kurusha kisahani kwa njia mbili, kuamua pa kurusha ukiwa umezungukwa na miti, na kucheza bila kuumiza msitu wala watu wengine.

MCHEZO NI NINI

Kanuni ni ile ya gofu ya kawaida: unaanza mahali palipowekwa alama, unalenga shabaha, na anayetumia mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Badala ya mpira na fimbo kuna kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kilichosimamishwa kwenye mlingoti, chenye minyororo inayopunguza kasi ya kisahani ili kidondoke ndani. Neno "shimo" limebaki, ingawa hakuna kinachochimbwa.

Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyeupa mchezo huu umbo lake la leo. Uwanja wake wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachotunga sheria. Mchezo umeenea sana Finland, ambako viwanja vingi viko ndani ya misitu. Mchezaji hukodolea macho njia nyembamba kati ya vigogo, hana kiwanja kipana cha nyasi mbele yake.

Hakuna haja ya kukatwa mti wala kusawazishwa ardhi. Hapo ndipo gofu ya visahani inapotofautiana na gofu ya kawaida, ambayo hudai ekari nyingi za nyasi na maji mengi. Mchezo huu unaingia ndani ya msitu ulivyo, mradi wachezaji wajue adabu yake.

BUSTANI YENYEWE

City Park ina ukubwa wa takriban hekta 60. Sehemu kubwa ni msitu wa asili wa nyanda za juu, mabaki ya msitu ulioifunika Nairobi kabla ya jiji. Kima wanaishi humo kwa wingi. Humo pia amezikwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila, na karibu nao lipo kaburi la Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi Februari 1965.

Kwa miaka mingi vipande vya bustani hii vilimegwa na kujengwa. Mwaka 2009 bustani ilitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa inayolindwa kisheria, baada ya wananchi kuipigania. Historia hiyo inafanana na ya Uhuru Park mwaka 1989 na ya Msitu wa Karura mwishoni mwa miaka ya 1990, ambako Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi. Mahali pa umma pasipotumiwa huonekana kama mahali pasipo na mwenyewe. Anayeingia, akaijua bustani na kuitunza, anailinda kwa kuwepo kwake.

Lakini kutumia vibaya nako ni kuharibu. Kwa hiyo kabla ya kurusha hata kisahani kimoja, fika kwa wasimamizi wa bustani, eleza mnachotaka kufanya na mko wangapi, na uulize ni sehemu gani mnaruhusiwa. Eneo la makaburi na bustani ya kumbukumbu ya Murumbi si la kuchezea.

VIFAA

Kisahani kimoja kinatosha kuanzia. Visahani rasmi ni vizito na vyembamba kuliko vile vya watoto, na huja katika aina tatu: vya masafa marefu, vya masafa ya kati, na vya kulengea kikapu. Anayeanza achukue cha masafa ya kati au cha kulengea. Cha masafa marefu kinahitaji kasi ambayo mgeni hana, na ndani ya miti kitampotea.

Kikapu cha chuma si lazima. Kapu la nguo au karai kubwa lililowekwa chini linatosha kwa mazoezi, kisha mnaondoka nalo. Msitumie mti kuwa shabaha. Kisahani kinachopiga mahali pamoja mara kwa mara huchubua gamba, na mti uliochubuliwa hupata magonjwa.

Mavazi ni yoyote unayoweza kutembea nayo. Mchezo hauna mbio, kwa hiyo dada mwenye baibui au dera hucheza bila shida. Abane tu mkono wa nguo kwa pini usinase kisahani.

KURUSHA

Njia ya kwanza ni ya kuvuta mkono kupita kifuani. Simama ubavu kwa shabaha, shika ukingo wa kisahani kwa vidole chini na dole gumba juu, kirudishe nyuma, kisha kivute mbele kwa mstari ulionyooka na kukiachia kwa kukunjua kifundo cha mkono. Kukunjua huko ndiko kunakokizungusha kisahani, na mzunguko ndio unaokifanya kitulie hewani.

Njia ya pili ni ya upande wa kiganja, kama mtu anayerusha kijiwe kiruke juu ya maji. Kiganja kinatazama juu na nguvu inatoka kwenye kiwiko na kifundo.

Kumbuka hili: kisahani kinapopungua kasi hupinda. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mrusho wa kifuani huishia kushoto na mrusho wa kiganja huishia kulia. Kwa mtu wa mkono wa kushoto ni kinyume chake. Kwa hiyo njia ya msituni ikipinda kushoto, wa mkono wa kulia atumie kifua, na ikipinda kulia, atumie kiganja. Anayejua njia moja tu atashindwa na nusu ya kona zote.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuinua ukingo wa mbele. Kisahani hupanda, husimama hewani, kisha hudondoka pembeni. Uwanjani hilo hupunguza umbali tu, lakini msituni matawi hukidaka. Weka ukingo wa mbele chini kidogo, na urushe chini ya usawa wa matawi.

KUSOMA MITI

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Anayeanza huangalia miti. Mchezaji mzuri huangalia mapengo kati ya miti, kisha hujiuliza kila pengo linamruhusu kukosea kwa kiasi gani.

Tufanye hesabu. Kisahani kina upana wa sentimita 21 hivi. Pengo la mita 3 lililo mita 20 mbele yako linakuruhusu kukosea kama nyuzi 4 tu kila upande. Pengo hilohilo likiwa mita 10 mbele yako, ruhusa inakaribia mara mbili, nyuzi 8. Kwa hiyo pengo jembamba lililo karibu linaweza kuwa rahisi kuliko pana lililo mbali. Kabla ya kuamua, pima kwa hatua: umbali hadi pengo, na upana wake.

Chukua mfano wa shimo la mita 60. Njia imenyooka kwa mita 35, halafu inapinda kushoto nyuma ya kundi la mikinduri. Mchezaji wa kwanza anaona kikapu kupitia miti na kujaribu kukata kona. Mrusho wa kwanza unagonga mti mita 12 mbele na kuangukia kichakani. Wa pili anajaribu tena kupenya na kugonga mti mwingine. Wa tatu unamtoa njiani, wa nne unamfikisha karibu, wa tano unaingia. Mchezaji wa pili anarusha mita 35 hadi kwenye kona, hatua isiyovutia mtu. Wa pili anarusha kama mita 22 kufuata njia mpya, na wa tatu anaingiza kutoka mita 3. Amemaliza kwa 3, mwenzake kwa 5, na wa kwanza ndiye mwenye mkono wenye nguvu zaidi.

Kanuni ni mbili. Rusha hadi mahali ambapo mrusho unaofuata utakuwa rahisi. Na ukiingia kichakani, mrusho wa kwanza ni wa kujitoa, hata ikibidi urushe kando au nyuma. Kosa moja hugharimu mrusho mmoja. Kukataa kulikubali ndiko hugharimu mitatu.

SHERIA ZINAZOLINDA MSITU

Sheria kadhaa za mchezo zinamlinda mti na pia zinamtendea haki mpinzani.

Kwanza, kisahani kinapotulia weka alama mbele yake na usimame nyuma ya alama. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, huruhusiwi kuivuka alama baada ya kurusha mpaka utulie.

Pili, ukisimama penye matawi lazima uchague msimamo unaoyasogeza kidogo iwezekanavyo. Huruhusiwi kuyavunja, kuyakunja wala kuyafunga ili kupata nafasi, na anayeharibu kitu makusudi hupewa adhabu. Tawi lililokuzuia leo ni sehemu ya shimo hilo.

Tatu, kisahani kikinasa juu ya mti, unacheza kutoka chini yake moja kwa moja. Usirushe mawe, wala mtoto asipande. Kisipofikika kwa usalama, waelezeni wasimamizi.

Nne, kisahani kilichopotea hutafutwa kwa dakika 3 tu, kisha mchezaji huongezewa mrusho mmoja wa adhabu. Dakika hizo zinawazuia watu kumi kukanyaga miche kwa nusu saa.

Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, udongo wa msitu hulainika. Njia ikigeuka matope, ahirisheni. Unyayo kwenye udongo uliolowa huushindilia, na mizizi hukosa hewa.

WATU WENGINE KWANZA

Bustani si ya wachezaji peke yao. Anayetembea, anayesoma kitabu na anayezuru kaburi wana haki ya kupita kabla yako. Usirushe usipoona mahali kisahani kitakapotua. Kona ikiziba macho, mmoja wenu atangulie, asimame pembeni na kuinua mkono njia ikiwa wazi. Kisahani kikielekea kwa mtu, pigeni kelele mara moja: "Angalia!"

Chezeni watatu au wanne, mchana tu, na mkae pamoja. Watoto wawe na mtu mzima. Chakula kibaki ndani ya mkoba uliofungwa, na msiwalishe kima, kwani aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya. Bebeni maji kwenye chupa ya kujazwa tena. Tangu Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja imepigwa marufuku katika misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa nchini. Hesabuni visahani na takataka zenu kabla ya kuondoka.

ZOEZI LA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: uwanjani palipo wazi, kwa ruhusa ya wenye kuutumia, rusha mara 30 kila siku ya mazoezi kutoka mita 5 hadi ndani ya karai.

Wiki ya pili: jifunze njia zote mbili za kurusha kwa mita 20. Lengo ni kunyooka, nguvu baadaye.

Wiki ya tatu: wekeni ndoo mbili zilizoachana mita 3 na mrushe katikati yake kutoka mita 10, kisha mita 20. Andikeni idadi zinazopita.

Wiki ya nne: nendeni bustanini kwa ruhusa, pangeni mashimo matatu mafupi kwenye njia zilizokwisha kukanyagwa, mcheze na kuhesabu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Njia inapinda kulia na wewe hutumia mkono wa kulia. Utarusha kwa njia gani, na kwa nini?
2. Kati ya pengo la mita 2 lililo mita 8 mbele na pengo la mita 3 lililo mita 20, lipi linaruhusu kosa kubwa zaidi?
3. Kisahani kimetua nyuma ya mche mchanga. Mwenzako anataka kuukunja kwa mguu. Utamwambia nini?
4. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya mrusho wa kwanza bustanini.

Kwa swali la pili, gawanya nusu ya upana kwa umbali: 1 kwa 8 ni kubwa kuliko 1.5 kwa 20. Pengo jembamba lililo karibu ndilo rahisi. Majibu mengine yamo ndani ya somo. Yajadilini nyumbani, halafu mkayajaribu chini ya miti.