Sungura Anayeugua Mara kwa Mara: Anza na Daftari

Sungura huacha kula, akapona, kisha akaugua tena bila sababu kujulikana. Mfugaji wa Werugha aandike kila tukio: tarehe, chakula alichompa, kiasi cha kinyesi na hali ya hewa. Chanzo chaweza kuonekana: majani yenye umande, kabeji nyingi au meno yaliyorefuka, kwani meno ya sungura hukua maisha yake yote.

Nyasi kavu ziwe chakula kikuu, na maji safi yasikosekane. Asipewe amoksilini ya binadamu. Huua bakteria wanaosaga chakula tumboni, na sungura anaweza kufa.

Akikaa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, asisubiriwe apone mwenyewe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, pamoja na daftari.