Koili moja, kazi mbili: Somo la mashine ya kuchuja kahawa

MFANYABIASHARA anayeagiza vifaa vya umeme kwa ajili ya maofisi, hoteli na nyumba za wageni huulizwa na wateja mambo mawili kuhusu mashine ya kuchuja kahawa: inauzwa bei gani, na je, ina saa ya kujiwasha? Swali lenye uzito zaidi huulizwa mara chache. Nalo ni hili: koili ya mashine hiyo ina nguvu gani, na inafanya kazi ngapi?

Historia ya kifaa hiki ni somo kwa kila anayenunua bidhaa ili aiuze. Inaonyesha jinsi akiba moja iliyofanywa kiwandani ilivyoleta faida kubwa, na jinsi akiba ile ile ilivyokuja kumfungulia mlango mshindani.

Karatasi ya daftari

Biashara ya kahawa ya kuchuja ilianzia jikoni, katika mji wa Dresden, Ujerumani. Mwaka 1908 mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz, aliyechoshwa na mashapo ndani ya kikombe, alitoboa matundu kwenye chombo cha shaba na kutandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe. Maji yalipita, mashapo yakabaki. Mwaka huo huo alisajili haki ya ubunifu wake na kuandikisha kampuni kwa mtaji wa fenigi 73, yaani pungufu ya marki moja ya Kijerumani.

Mfanyabiashara azingatie jambo moja hapa. Chombo cha kuchujia mteja hukinunua mara moja, lakini karatasi huzinunua kila mwezi. Ndiyo maana kampuni ya Melitta iliendelea kuboresha karatasi, na katika miaka ya 1930 ilileta umbo la pembe, kama lile la karatasi ya karanga, ambalo linatumika hadi leo.

Kazi ya kumimina maji ya moto, hata hivyo, ilibaki kuwa ya mkono. Mwaka 1954 Mjerumani Gottlob Widmann alipata hataza ya mashine ya umeme iliyofanya kazi hiyo yenyewe. Aliiita Wigomat, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yake.

Nchini Marekani, familia nyingi wakati huo zilitumia birika la umeme lililozungusha kahawa iliyokwisha kuchemka na kuipitisha tena na tena juu ya unga. Matokeo yake yalikuwa kahawa kali yenye ladha ya kuungua. Wafanyabiashara wawili wa Cleveland, Ohio, Vincent Marotta na Samuel Glazer, waliokuwa katika biashara ya ujenzi, waliona pengo hilo. Waliwachukua wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi Westinghouse, Edmund Abel na Erwin Schulze, na mwaka 1972 mashine ya Mr. Coffee iliingia sokoni kwa bei isiyofika dola 40. Mchezaji maarufu wa besiboli, Joe DiMaggio, aliitangaza katika televisheni. Katika miaka mitatu ya kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Siri ya bei nafuu

Mashine ya namna hii haina pampu. Maji baridi hutoka kwenye tangi, hupita kwenye valvu ya njia moja, na kuingia katika bomba dogo la alumini lililobanwa pamoja na koili. Sehemu ya maji hayo huchemka, na mapovu ya mvuke huyasukuma maji mengine juu kupitia mrija. Kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, njia inayobaki ni moja tu: kupanda na kudondokea kwenye unga wa kahawa. Maji yakitoka, mengine huingia, mpaka tangi linakauka.

Akiba kubwa ipo mahali pa koili. Huwekwa chini kabisa, ikigusana na bomba upande mmja na sahani ya chuma upande mwingine. Baada ya maji kwisha, koili hiyo hiyo huendelea kupasha sahani moto ili kahawa iliyomo ndani ya jagi la kioo isipoe. Kirekebisha joto huiwasha na kuizima, na fyuzi ya joto hukata umeme kabisa endapo kirekebisha joto kitaharibika. Koili moja, kazi mbili, na hakuna kinachozunguka kinachoweza kuchakaa.

Thamani ya mpango huo ilionekana katika kampuni ya Braun ya Ujerumani. Mwaka 1972 ilitoa mashine ya KF 20, iliyochorwa na Florian Seiffert, yenye tangi juu, kichujio katikati na jagi chini, kama mnara. Ilipendeza, lakini kwa kuwa tangi lilikuwa mbali na sahani, ilihitaji koili mbili, na gharama ikapanda. Mwaka 1984 Hartwig Kahlcke alichora KF 40: tangi likahamia nyuma na koili ikarudi kuwa moja. Hata plastiki ikabadilishwa, ikatumika ya bei nafuu zaidi. Kwa kuwa plastiki hiyo huacha mabonde madogo inapopoa, mgongo wa mashine ulitengenezwa kwa mistari mistari ili kasoro hiyo isionekane. Wateja waliona pambo, kumbe ilikuwa hesabu ya gharama.

Gharama iliyojificha

Akiba hiyo haikuwa ya bure. Mteja ndiye aliyelipa gharama yake kwa ladha, katika sehemu tatu.

Kwanza ni joto la maji. Kahawa ya kuchuja hutoa ladha yake vizuri kwa maji ya nyuzi 92 hadi 96 za Selsiasi. Koili dhaifu hutoa maji kidogo kidogo, na maji kidogo hupoa njiani kabla ya kuufikia unga. Maji ya mwanzo huathirika zaidi kwa sababu hukuta mrija na kichujio vingali vya baridi. Kahawa inayotoka huwa na uchachu na wepesi, hata kama unga ni wa daraja la juu.

Pili ni umwagaji. Mashine nyingi za bei ya chini zina tundu moja katikati. Unga wa katikati huoshwa kupita kiasi na kutoa uchungu, wakati ule wa pembeni hubaki karibu mkavu. Mnunuzi analipia unga wote, anakunywa sehemu yake.

Tatu, na kubwa kuliko zote, ni sahani ya moto. Muuza kahawa wa mitaa ya Kariakoo au Mombasa huweka dele juu ya mkaa saa nyingi bila malalamiko, kwa sababu kahawa yake imepikwa makusudi iwe chungu na hunywewa kwa kikombe kidogo, pamoja na kashata au tende. Kahawa ya kuchuja ni kitu kingine. Ikikaa juu ya sahani ya moto nusu saa, harufu yake hupotea na ladha hugeuka. Ofisini, ambako jagi huwekwa asubuhi na kunywewa mpaka adhuhuri, kikombe cha mwisho si kahawa ile iliyotengenezwa saa mbili.

Waliorekebisha

Kasoro hizo zilijulikana mapema, na wapo waliozifanyia kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Technivorm ya Uholanzi, iliyoanzishwa na Gerard-Clement Smit, imetengeneza mashine ya Moccamaster yenye koili ya shaba yenye nguvu nyingi kwa ajili ya maji peke yake, na koili nyingine ndogo kwa ajili ya sahani. Lita moja na robo huchujwa kwa dakika sita hivi. Ni ghali, lakini vipuri vyake hupatikana na mashine hufunguka na kutengenezeka.

Wengine walitupa sahani na kuweka jagi lenye kuta mbili, kwa lugha ya dukani chupa ya chai. Kahawa hubaki ya moto bila kupikwa tena. Wengine walibadilisha tundu moja kwa matundu mengi kama ya bomba la mvua, na wengine wakafanya mashine ilowanishe unga kidogo, isubiri nusu dakika ili hewa iliyomo kwenye kahawa mpya itoke, ndipo iendelee. Ikaongezwa pia valvu inayozuia matone mtu anapotoa jagi kabla ya kazi kwisha, na tangi linalochomoka ili lioshwe.

Sheria nayo iliingia. Kuanzia 1 Januari 2015, Umoja wa Ulaya ulitaka mashine mpya za nyumbani zijizime zenyewe: dakika 40 baada ya kuchuja kwa zenye jagi la kawaida, na dakika tano kwa zenye jagi la kuhifadhi joto. Lengo lilikuwa kuokoa umeme, lakini ladha nayo ilipata nafuu.

Mshindani aliingilia hapo

Hata hivyo, viwanda vingi vilichagua njia nyingine. Badala ya kurekebisha koili na sahani, viliongeza saa, taa na vitufe, kwa sababu vitu hivyo huonekana dukani, ilhali joto la maji halionekani.

Mwaka 1992 Wamarekani wawili, John Sylvan na Peter Dragone, walianzisha kampuni ya Keurig. Kilichomkera Sylvan kilikuwa kahawa ya ofisini iliyolala ndani ya jagi mpaka ikaharibika. Jibu lao lilikuwa kikombe kimoja kwa wakati, kutoka kwenye kopo dogo lililofungwa. Mashine yao ya maofisini ilitoka 1998, ya nyumbani 2004. Kwa kila gramu ya kahawa, kopo hilo ni ghali kuliko unga wa pakiti, na huacha taka nyingi. Pamoja na hayo, mamilioni ya wateja walihama. Hawakuhama kwa sababu kahawa ya kopo ni bora sana. Walihama kwa sababu hakuna kinachobaki kikaungua.

Kasoro ambayo wauzaji wa mashine za kuchuja waliizoea ndiyo iliyokuwa mtaji wa mshindani wao.

Hesabu ya dukani

Mfanyabiashara anaweza kupima mashine kabla ya kuifungua, kwa kusoma kibandiko cha chini. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 93 kunahitaji joto la jouli 285,000 hivi. Koili ya wati 900 itatumia dakika tano na sekunde 20, bila kuhesabu joto linalopotea. Koili ya wati 600 itatumia karibu dakika nane. Kipimo kinachotumiwa na chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, SCA, kinataka maji yaguse unga kwa muda wa kati ya dakika nne na nane.

Sasa umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, jambo ambalo wengi wanalijua, nguvu ya koili haishuki kwa asilimia 13 kama volti. Hushuka kwa asilimia 24. Mashine ya wati 900 inakuwa ya wati 680, na lita ile ile itahitaji dakika saba. Ukiongeza joto linalopotea, mashine iliyokuwa sawa mchana inakaribia kushindwa jioni. Kwa mteja mwenye umeme hafifu, wati za ziada si anasa.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

Volti. Mashine za soko la Marekani ni za volti 120. Ikichomekwa kwenye volti 230, koili huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu na kuungua.

Vikombe. Mashine ya "vikombe 10" kwa kawaida hupimwa kwa kikombe cha mililita 125 hivi. Kwa vikombe vikubwa vya chai, hiyo ni mashine ya watu watano. Mteja aelezwe mapema.

Jagi. Kwa ofisi na mapokezi ya hoteli, ambako kahawa hukaa, lenye kuta mbili lina faida kuliko la kioo. Kwa familia inayokunywa mara moja, la kioo linatosha.

Maji. Penye maji ya chumvi, ukoko mweupe wa chokaa huziba bomba na kuzuia joto. Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, ipitishwe mara moja kwa mwezi, kisha maji safi mara mbili. Muuzaji anayetoa maelezo hayo hupunguza mashine zinazorudishwa kwa madai ya dhamana.

Karatasi. Anayeuza mashine bila kuweka karatasi za kuchujia dukani anaiachia faida ya kila mwezi duka la jirani.

Jambo hili linawagusa hata wasiouza mashine. Kahawa ya arabika inayopita mnada wa Moshi au wa Nairobi hulipwa kwa ubora wa ladha, na Ujerumani, nyumbani kwa kichujio, ni miongoni mwa wanunuzi wake. Mkulima hupalilia, huchuma mbivu tu, huosha na kuanika. Kazi hiyo yote inaweza kupotea mezani kwa mnywaji katika nusu saa juu ya sahani ya moto.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mashine hii, saa na taa ndizo zinazojitembeza. Kinachojiuza ni koili.