Kompyuta Yachekecha Mawe

Mgodini mawe yaliyopondwa huchekechwa kama unga nyumbani: madogo hupenya, makubwa hubaki. Je, msumbufu ni yupi? Si jiwe kubwa wala vumbi, bali ni punje inayokaribia kulingana na tundu. Hiyo hunasa, tundu likaziba. Punje ndogo zikikosa njia, hurudishwa kusagwa bure na umeme ukapotea.

Jamani, ndani ya mtambo jicho halifiki! Basi kompyuta hukokotoa nguvu za kila punje igonganapo na mwenzake, kwa kanuni za Newton tunazosoma shuleni. Cundall na Strack waliieleza njia hii mwaka 1979. Mhandisi hujaribu mwinamo na mtikisiko wa chekecheke kabla chuma hakijakatwa. Nami nasema, wenzangu, tusiikimbie fizikia.