Utajiri wa Mataifa Hupimwa kwa Nini?

Imekuwa desturi mabarazani, yatajwapo mataifa, kusema: nchi fulani ni tajiri na nchi fulani ni maskini; na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twaona ya kwamba kabla ya kuhukumu yatupasa kwanza kukijua kipimo.

Wataalamu wa uchumi huchukua thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa mwaka mmoja, wakaigawanya kwa idadi ya watu. Kipimo hiki kina faida, lakini hakitoshi. Mwaka 2014 Kenya ilibadilisha namna ya kuhesabu pato lake, na pato likapanda kwa kiasi cha asilimia 25. Wala hapana sufuria iliyozidi unga kwa sababu hiyo. Na Guinea ya Ikweta, kwa mafuta yake, ilihesabiwa miongoni mwa nchi tajiri za Afrika, hali raia wake wengi walibaki katika ufukara. Kugawanya kwa kalamu si kugawanya kwa haki.

Na tulinganishe nchi mbili zilizopata mali kutoka ardhini. Nauru ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, ukubwa wake maili 8 za mraba, na watu wake wapata 12,000. Kilikuwa na fosfeti, madini ya mbolea, ambayo wageni waliichimba miaka mingi na kuiuza kwa bei duni. Baada ya uhuru wa mwaka 1968 mali ilirejea kwa wenyewe, wakawa miongoni mwa matajiri wa dunia. Waliweka mfuko wa akiba, lakini ukaendeshwa ovyo. Jumba lao la ghorofa 52 mjini Melbourne likauzwa mwaka 2004, madeni yamewazidi. Fosfeti nayo ikapungua, na katikati ya kisiwa pakabaki miamba mitupu.

Norway iligundua mafuta mengi baharini mwaka 1969. Mwaka 1990 ilitunga sheria ya mfuko, na mwaka 1996 fedha za kwanza zikatiwa humo. Tangu mwaka 2001 kanuni ni kwamba serikali isitumie, kwa wastani, zaidi ya faida inayotarajiwa: kwanza asilimia 4, na tangu mwaka 2017 asilimia 3. Mambo haya si mageni kwetu watu wa pwani, kwani tunaujua wakfu: shamba haliuzwi, huliwa nazi, na minazi ikabakia kwa wajukuu.

Insafu yatulazimisha kusema kwamba Norway ilikuwa na shule, merikebu na mahakama imara kabla ya mafuta, na Nauru haikuachiwa hayo na watawala wake. Lakini funzo ni lile lile. Tusomapo hisabu za mataifa, na tuulize mambo matatu: Mali hii yawafikia nani? Itakwisha lini? Na msimamizi wake atoa hisabu mbele ya nani?

Maswali haya si ya nchi za mbali tu. Madini ya titani ya Kwale yalianza kusafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Nazi zimekwisha kuliwa. Basi ni wajibu wetu sote kuuliza, kwa adabu na bila ya kuchoka: minazi imebakia wapi?