Sahani ya Mama Mja Mzito

Tazameni jinsi chakula cha jioni kinavyopakuliwa katika nyumba zetu nyingi. Baba hupata kwanza, pamoja na minofu. Watoto hufuata. Mama hukwangua sufuria. Lakini mama akiwa mja mzito, yale makoko ni chakula cha watu wawili.

Ni kweli kwamba ukame na bei ya unga huleta njaa. Hata hivyo, umaskini peke yake hauelezi kwa nini, chini ya paa moja, bwana ameshiba na mkewe ana kizunguzungu. Kuna sababu nyingine.

Kwanza, mfuko. Maziwa na mayai ya nyumbani huuzwa, pesa hubaki kwa bwana, na mama huomba hata za omena.

Pili, kazi. Anayechota maji, kubeba kuni na kulima mpaka mwezi wa tisa humaliza nguvu zote alizokula.

Tatu, miiko. Mahali pengine mja mzito hukatazwa mayai, au hujinyima chakula akiogopa mtoto mkubwa atakayeshindwa kuzaliwa. Tusiwacheke wazee; pale ambapo hospitali iko mbali, uchungu mgumu umewaua wengi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kupanga mapema usafiri na mahali pa kujifungulia. Njaa humpunguzia mama nguvu anazohitaji siku hiyo.

Nne, magonjwa na mimba za kufuatana. Malaria na safura humaliza damu. Shirika la Afya Duniani hushauri ipite angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine, ili mwili urudishe akiba yake. Hilo ni jambo la kuzungumza nyinyi wawili, si mzigo wa mama peke yake.

Matokeo yake ni mazito. Mja mzito ambaye damu yake imepungua anaweza kufa kwa kutokwa na damu ambayo mwenzake angeistahimili. Naye mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, huugua upesi.

Mabwana, mnaweza kufanya nini? Hakikisheni mama anapata mlo mmoja zaidi kila siku, hata kama ni uji wa wimbi wenye maziwa. Managu, terere, kunde, maharagwe na omena si vyakula vya kitajiri. Chungwa au ndimu husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo; chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo isubiri saa moja au mbili. Msindikize kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Vidonge vya kuongeza damu anywe kila siku. Vikimchafua tumbo amweleze muuguzi, asivitupe. Akiwa na hamu ya kula udongo, aseme pia, kwani huenda damu imepungua.

Siku ya harusi mliahidiana kutunzana katika afya na ugonjwa. Ahadi hiyo huonekana mezani.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

1. Jana jioni, nani alipakuliwa mwisho, na alipata nini?
2. Ni kazi gani nzito ambayo baba ataichukua kuanzia leo?
3. Pesa za mayai yetu hununua nini?