Kufundisha Jinsi Imani ya Siasa Ijengwavyo na Ibadilikavyo

Mtoto haji darasani mtupu. Imani ya siasa ameichukua nyumbani na kwa rika lake kabla hajaipima, nayo imeambatana na heshima ya jamaa zake. Mwalimu akiikejeli huizidishia nguvu.

Mfano upo nchini. Mwaka 1965 Tanzania iliweka kisheria mfumo wa chama kimoja, na Mwalimu Nyerere aliutetea miaka mingi. Mwaka 1990 yeye mwenyewe alihimiza suala la vyama vingi lijadiliwe. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakipenda chama kimoja. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa mwaka 1992.

Waulize wanafunzi wa Darasa la Saba: kwa nini wengi walishikilia la zamani? Je, ilifaa wachache kusikilizwa? Kila mmoja aeleze kwanza hoja ya mwenzake hadi mwenyewe aridhike, ndipo atoe yake. Usiwaulize chama cha wazazi wao, wala usitangaze chako.

Somo limefaulu mwanafunzi awezapo kutaja sababu ya imani yake, na jambo ambalo lingembadilisha.